Doa Ndani ya Mtutu

Mdomo wangu hauna breki, na kwetu Kitanga hakuna asiyejua hilo. Nimemgombeza baba kwa mambo mengi, kwa kulala na koti lililolowa, kwa kuficha dawa chini ya godoro, na huwa sichagui maneno. Ndiyo maana mpaka leo nashindwa kujielewa: siku ile Kibondo, nilipotakiwa kusema neno moja tu, neno lenyewe lilinikatalia.

Baba ana shotigani ya zamani ya mtutu mmoja, na leseni yake anayo. Ndiyo bunduki pekee upande wetu wa kijiji. Nguruwe pori wakiingia kwenye mahindi, anayepigiwa simu ni yeye. Hajawahi kuwa mwenyekiti wa chochote, hata kanisani hukaa viti vya nyuma, lakini kwa sababu ya bunduki ile, kwenye harusi anatafutiwa kiti kabla hajafika uwanjani. Anaipenda heshima hiyo kuliko anavyokubali.

Mwaka huu, mahindi yakianza kubeba, alianguka mtaroni akitoka shambani. Bunduki ikagonga jiwe, mtutu ukabonyea katikati, kibonde kidogo cha kuingia ncha ya kidole gumba. Akasema ni utelezi. Utelezi gani, na mvua ilikuwa imekata mpaka vumbi linatimka? Nilimuuliza hivyo hivyo, akainama kukung'uta suruali, nami nikaona ni aibu za uzee.

Bunduki iliyobonyea haipigwi, maana mtutu unaweza kupasuka ukakurudia usoni. Kwa hiyo nguruwe wakawa wanakula bila wasiwasi. Jirani yetu ni mjane anayelima peke yake, na shamba lake ndilo linalopakana na pori. Kila asubuhi aliniita nikaone mabua yaliyolazwa chini kama mikeka, na kila asubuhi aliuliza kitu kilekile: mzee anakwenda lini kwa fundi?

Polisi walitupa ruhusa ya kusafiri nayo, tukaenda Kibondo, mimi na baba, kwa fundi anayetambuliwa kutengeneza silaha. Ni mzee ambaye wazazi wake walitoka Burundi, na karakana yake iko nyuma ya soko. Aliuchomoa mtutu kwenye kitako, akapaka grisi kipande cha chuma cha mviringo kinachoenea humo ndani, akakisukuma kwa fimbo mpaka chini ya kibonde. Halafu akawa anagonga kwa nje na nyundo ndogo ya shaba, taratibu, kama mtu anayempigapiga mtoto mgongoni acheue.

Alipomaliza aliupangusa, akauelekeza mlangoni penye mwanga, akachungulia. Mtutu mzima ukiuchungulia unaona miduara ya mwanga, mmoja ndani ya mwingine, mpaka mwisho. Penye kibonde miduara inakatika, panakuwa na doa. Fundi akasema doa limekwisha. Lakini kwake kazi haihesabiki kuwa imekwisha mpaka mwenye bunduki aangalie mwenyewe, kwa kuwa ndiye atakayeweka shavu lake pale.

Baba akachungulia.

"Bado," akasema. "Doa lipo."

Fundi akarudisha kile chuma, akagonga tena. Baba akachungulia, akasema bado. Fundi akagonga tena, safari hii kidogo sana, na jibu likawa lilelile. Hapo akaweka nyundo chini, akatueleza kwamba chuma hiki ni cha siku nyingi, akiendelea kukigonga kitakuwa chembamba, na mtutu mwembamba ni hatari kuliko uliobonyea. Baba akashikilia kwamba harudi nyumbani na mtutu wenye doa wakati watu wanamsubiri. Fundi akanipa mimi nichungulie.

Miduara ilikuwa kamili, mizuri, mpaka mwisho. Hapakuwa na doa lolote. Nikaukumbuka ule mtaro mkavu. Nikakumbuka anavyopapasa kikombe mezani, na mimi ninavyomfokea kwamba ananimwagia chai.

"Wewe unaona nini?" baba akaniuliza.

Nikisema umenyooka, nimemwambia mbele ya mtu baki kwamba doa liko jichoni mwake, na asiyeona hawezi kuachiwa bunduki. Nikisema nami naliona, fundi atagonga tena na mtutu utaharibika. Nilisimama nimeushika, grisi inanichafua kitenge, machozi yananijia, na mdomo wote ule ninaoringia haukutoa kitu. Fundi akajifanya anatafuta tambara.

Baba akauchukua mikononi mwangu. Akauelekeza mlangoni, akaanza kuuzungusha polepole. Doa likiwa kwenye chuma, ukizungusha mtutu nalo linazunguka, na hilo baba alilijua kabla sijazaliwa. Akauzungusha mpaka ukarudi ulipoanzia. Halafu akauhamishia jicho la pili, akazungusha tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi.

"Inatosha," akamwambia fundi. "Umenyooka."

"Ego, mzee," fundi akaitikia ndiyo kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, akaanza kuirudishia bunduki mtutu wake.

Tulipotoka baba alinishika bega, na hakuliachia mpaka tulipopata gari. Baadaye tulikwenda hospitali, wakatuambia si mtoto wa jicho wa kutolewa, kilichochakaa kiko nyuma ya jicho na hakirudi. Lakini siku ile, garini, nilikuwa naangalia lami tu.

Hatujafika Kasulu, simu yangu ikaita. Alikuwa yule jirani. Nguruwe wameingia tena, safari hii wamefika katikati ya shamba, na anataka kujua kama mzee ameshaipata bunduki yake. Simu yangu ina sauti kubwa, baba alisikia kila neno. Bunduki ilikuwa magotini pake, nzima, imefungwa kwenye turubai, na mikono yake yote miwili ilikuwa juu yake.

"Mwambie bado iko kwa fundi," akasema.

Nikamwambia. Yule mama akashukuru, akasema haina shida, atamsubiri mzee, kwa sababu mwingine wa kumtegemea hana.