Mama na Picha ya Ngazi

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unamwonyesha mtu picha ya ngazi yenye vipandio kumi, unamwuliza maisha yake yako kipandio cha ngapi. Cha kumi ni maisha ya kuridhika, cha kwanza ni ya taabu tupu. Tulikuwa wawili: mimi niliyeuliza, na dada mmoja wa Dodoma aliyeandika majibu kwenye simu.

Tulianzia Basotu. Nilijua huko tutapata namba ndogo tu, maana ukame ulikuwa umeua ng'ombe na vumbi lilituingia mpaka kwenye meno. Mfugaji wa kwanza akaweka kidole kwenye cha nane. "Waliobaki wanapumua," alisema, "na watoto wangu wote wako hapahapa." Nilicheka moyoni. Mimi ni mtu wa Bashay, na watu wa Bashay tuna maringo: tuna mvua, tuna maharage, tuna hewa baridi. Ndiyo maana mdogo wangu aliyeolewa Basotu alipoomba mama akakae naye, nilikataa. Nilimwuliza kama anataka mama akale vumbi.

Bashay watu walitaja tano, sita, huku wakilalamikia mbolea. Nyumba yetu, anakoishi mama, nayo ilikuwa kwenye orodha. Dada wa Dodoma akamwamkia mama, mama akaitikia na kumpa chai ya maziwa. Kiswahili kinampiga chenga, kwa hiyo ilibidi nimtafsirie. Akaitazama ile ngazi kwa muda mrefu, kisha akasema kwa Kiiraqw: cha tatu.

Nikamweleza upya kwamba cha juu ndicho kizuri.

"Nimeelewa," akasema. "Tangu asubuhi mpaka jioni naongea na kuku."

"Mbona kila nikipiga simu unasema nzuri?"

"Kwenye simu huwa unanisalimia. Leo umeniuliza."

Dada wa Dodoma akainua macho. "Mama amesemaje?"

Tulikuwa tumeelekezwa kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Tatu," nikasema.

Tulipomaliza nilitoka nje, nikampigia mdogo wangu, nikamwambia atandike kitanda. Hakuniuliza cha nani. Alisema kimetandikwa tangu mwaka juzi.