Chupa Mbili Juu ya Mfuko wa Taka

Nina ugonjwa mmoja ambao hata uzee haujautibu: nikisikia habari nusu, situlii mpaka niipate nusu iliyobaki. Ugonjwa huo ndio ulionifanya niipende kazi ya usafi niliyofanya kwa bibi mmoja wa Evere, mjini Brussels, katikati ya miaka ile ya elfu mbili. Nilikwenda kwake kila Alhamisi asubuhi.

Bibi alizaliwa Australia, katika mji mdogo wenye reli na ghala la ngano. Aliolewa na injinia Mbelgiji, wakaenda Katanga kwenye migodi, wakaishi huko miaka mingi kabla ya kuhamia Brussels. Sasa alikuwa mjane. Basi mimi wa Lubumbashi na yeye wa Australia tulizungumza Kiswahili, kile kile cha jikoni kwetu.

Alinisimulia mambo ya mji wake ambayo sijayasikia popote pengine. Kulikuwa na waya mmoja wa simu uliounganisha nyumba kumi, kila nyumba na mlio wake, lakini simu ya mmoja ikilia wote walinyanyua wasikilize. Kulikuwa na farasi wa gari la mkate aliyeijua milango ya wateja hata bwana wake akisinzia. Mimi nilikuwa napiga pasi shuka moja mara mbili ili asikatishe.

Kosa langu lilianzia kwenye taka. Alhamisi moja kabla ya Noeli nilikuta mifuko myeupe imewekwa nje, na juu ya mmoja zimesimama chupa mbili za bia, zimejaa, zimefungwa utepe mwekundu. Brussels chupa haziendi na mfuko mweupe. Ukijulikana, barua ya faini inakufuata mpaka mlangoni. Nikasema maskini, amesahau. Nikaziingiza ndani, nikaziweka chini ya sinki, kisha nikampigia simu mwanawe kumwarifu, nijionyeshe mfanyakazi mwema. Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Gari la taka lilipokwisha kupita, bibi aliziona chupa zake. Akaniita.

"Mama, ni weye ulirudisha bière yangu?"

"Ndiyo, Maman. Nilizani ulisahau."

"Sikusahau. Ni ya bale ba-papa ba poubelle, benye kubeba taka. Kwetu, bantu benye kubeba ndoo ya cabinet, tulikuwa tunabawekea bière ku Noël. Kila nyumba."

Akanieleza yote. Mji wao kule Australia haukuwa na mabomba ya maji machafu. Choo kilikuwa kibanda nyuma ya nyumba, na ndani yake ndoo. Alfajiri alipita mtu kwenye kichochoro cha nyuma, akafungua kijimlango, akaivuta ndoo, akajitwika begani na kukimbia nayo mpaka kwenye gari. Watoto walikatazwa kabisa kuziba pua mbele yake. Ilipofika Noeli, kila nyumba ilimwachia bia kibandani, naye aliacha kadi yenye mashairi ya kuchekesha. Niliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kusema kweli, sikumwamini.

Baada ya Mwaka Mpya nilimkuta mwanawe mezani na karatasi za daktari, pamoja na kijitabu chenye picha za nyumba ya wazee huko Koekelberg. Alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mpole, aliyechoka. Alinivuta kando, akaniambia kwa Kifaransa kwamba akili za mama yake zinapotea, na sasa imetosha: bia kwenye taka, hadithi za ndoo na farasi alizomsimulia hata daktari. Mwezi ujao mama yake angehamishwa. Akanishukuru kwa kumfungua macho. Shukrani ile ilinichoma kuliko tusi.

Jumamosi nilikwenda Matongé, mtaa wetu Waafrika, kwenye duka la intaneti, nikaketi na Kiingereza changu cha sekondari. Niliandika ndoo, nikaandika choo, nikaandika bia, nikaandika Noeli. Nilikuwa namtafutia bibi wokovu, lakini nisijisingizie wema wote: nilitaka pia kujua. Mwishowe nikafikia ukurasa wa jumba dogo la makumbusho la mji mwingine wa huko Australia. Palikuwa na picha ya mwanamume mwenye kipande cha ngozi begani na ndoo juu yake. Chini yake waliandika habari za bia, na za kadi pia. Nikachapisha kurasa zote.

Alhamisi iliyofuata niliziweka mbele ya mwanawe, juu ya kile kijitabu. Alisoma mara mbili. Bibi aliichukua picha, akaisogeza karibu na macho, akamgusa yule mtu kwa kidole.

"Mbona hukunisimulia haya nilipokuwa mtoto?" mwanawe akamwuliza kwa Kifaransa.

Bibi hakumtazama. Alinigeukia mimi.

"Umwambie, mama. Alikuwa anacheka français yangu, yeye na ba camarades yake. Donc nikanyamaza."

Nikafungua mdomo nitafsiri. Nilisahau kwamba mtu huyu alilelewa Katanga.

"Sitacheka tena, mama," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha mtoto wa miaka minane, maana ndipo alipokiachia.

Kijitabu cha Koekelberg kilikwenda na mfuko wa manjano, ule wa karatasi. Tangu siku hiyo mwanawe akawa anakuja Alhamisi, anakaa jikoni, nami napiga deki kuzunguka viatu vyake. Maswali ya simu na ya farasi, yaliyokuwa yangu, sasa aliyauliza yeye. Nilifurahi sana. Niliona wivu pia, sifichi.

Noeli iliyofuata ni yeye aliyeziweka chupa mbili juu ya mfuko na kufunga utepe. Mimi nilisimama dirishani kuzilinda mpaka gari likapita, asije mtu mwema mwingine akazirudisha ndani.