Mashine Iliyongoja Mkasi

Wilkista, jirani yangu hapa Tongaren, hajui kukaa bure. Tangu mumewe afariki, ekari tatu alizoachiwa ndizo zilizosomesha watoto wanne, Wekoye akiwa kifungua mimba. Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kilichoomba mashine ya kukaushia mahindi kwa miaka sita.

Septemba mwaka jana mashine ikaletwa. Fundi akaiunganisha na stima, akaijaribu, ikanguruma vizuri, akaenda zake. Kisha akaja Mukhwana, msaidizi wa mheshimiwa mbunge wetu, akafunga utepe mlangoni mwa banda la mashine na kutia kufuli. Akasema mashine haiguswi mpaka mheshimiwa aje kuizindua, na kina mama waanze mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha.

Hapo ndipo ninapopandwa na hasira, kwa sababu tulikubali. Wilkista mwenyewe ndiye aliyechagua wimbo. Tumezoea: daraja likiisha lingoje mkasi, zahanati ikiisha ingoje mkasi, na mgonjwa naye angoje.

Oktoba tukavuna, na mvua ikakataa kuisha. Wilkista alianika mahindi asubuhi, akayaanua kabla ya saa sita, akayaanika tena, mpaka turubai lenyewe likaota ukungu. Alimpigia Mukhwana simu mara tatu. Mara ya kwanza mheshimiwa alikuwa Nairobi, ya pili alikuwa matangani, ya tatu simu haikushikwa. Na mashine nzima imelala hatua mia mbili kutoka mlangoni kwake!

Mwisho wa Novemba alikodi pikapu akapeleka magunia thelathini Kitale kwa Ramandeep, mwenye kinu cha unga aliyenunua mahindi yake miaka mingi. Ramandeep alitia mkono guniani, akanusa, akafungua la pili na la tatu.

"Mama Wekoye," akamwambia polepole, "hii siwezi kusagia watu. Hata ng'ombe usipatie."

Alirudi nayo yote, tukachimba shimo nyuma ya boma tukayachoma. Jasho la mwaka mzima likawa moshi. Halafu redioni wataalamu wanaulizana kwa nini nchi hii inanunua mahindi ng'ambo. Waje waniulize mimi.

Mheshimiwa alifika Januari, jua likiwaka, na magari kumi na moja. Kwa vile hakuna aliyebaki na mahindi ya kukausha, Mukhwana alikuwa amenunua magunia mawili sokoni Kimilili, makavu kabisa, yamwagwe mashineni mbele ya kamera. Utepe ukakatwa. Mashine ikakausha mahindi makavu. Watu wakapiga makofi, nami nikapiga, Mungu anisamehe.

Wilkista akaitwa atoe shukrani. Alikwenda mbele na gorogoro moja, kopo la kupimia nafaka, ameifunika kwa leso, akaimwaga juu ya meza ya wageni. Yalikuwa mahindi yake, meusi, yameshikana kwa ukungu. Alikuwa amebakisha hayo tulipochoma mengine.

"Mheshimiwa, mashine ni mzuri," akasema. "Ilikuwa mzuri tangu Septemba. Hii mahindi ndio ilikuwa inakungoja."

Mheshimiwa akaangalia saa yake. Mukhwana akampokonya Wilkista kipaza sauti, akawaomba kina mama waimbe. Wimbo ule walikuwa wameufanyia mazoezi miezi minne, na kila mmoja aliujua. Hakuna aliyeuanza.