Mbegu Zilizokuwa Ndani ya Gari Bovu

Gari letu lilikaa uani pale Miyuji miaka mingi, hata waendesha bodaboda wakalifanya alama ya mtaa. Mgeni akiuliza njia aliambiwa ashukie kwa gari bovu. Mbele ya watu nilikuwa nacheka, nikiingia ndani kicheko kinaisha. Kila mwaka nilisema nitanunua injini nyingine. Nilipostaafu nikasema tena, mke wangu akaitikia tu, kama anavyoitikiwa mtu anayeota.

Mwaka jana, mvua zikiwa bado hazijaanza, mke wangu alikwenda Bahi kumwangalia dada yake aliyekuwa anaumwa. Nikaona nitumie nafasi hiyo kumfurahisha: akirudi akute limeuzwa. Nilishuka Majengo, nikampata mnunuzi wa vyuma chakavu, tukaja naye. Alilizunguka gari, akainama kuchungulia chini, akagonga mlango kwa kifundo cha kidole. Tulipokubaliana alisema atakuja kesho yake asubuhi na mtungi wa gesi wa kukatia.

"Ila mzee, litoe vitu vyote. Viti, mazulia, takataka. Mimi nanunua chuma."

Nilianza kazi palepale. Mlango wa mbele ulinisumbua, ilibidi niupige teke. Wa nyuma ulifunguka bila taabu, nami sikujiuliza kwa nini mlango wa gari bovu uwe laini kiasi kile. Kwenye kiti cha nyuma nilikuta magunia yaliyokunjwa vizuri na ndoo mbili za rangi, zile za plastiki, mifuniko yake imefungwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Nikafungua moja. Majivu. Nikafungua ya pili, majivu vilevile. Nikadhani ni ya kusugulia masufuria au ya kumwaga chooni. Nilizibeba hadi kwenye shimo la taka, nikazimimina zote mbili juu ya masponji ya viti niliyokwisha kuyararua, nikaweka mafuta ya taa, nikawasha.

Moshi wa sponji ni mweusi na unakaba. Nilirudi nyuma nikafunika pua. Halafu katikati ya uvundo ule ikaja harufu nyingine, nzuri, nikasimama naivuta bila kujua naijulia wapi. Shimoni kitu kilikuwa kinapasukapasuka polepole. Ilikuwa harufu ya uwele unaokaangwa.

Nimezaliwa kijijini, si mbali na mji huu. Mama yangu alichanganya mbegu na majivu ili zisiliwe na wadudu, na mimi ndiye niliyekuwa nikimchekechea majivu hayo. Mgogo yeyote angejua. Mimi nilisoma sekondari, nikapata kazi ofisini, nikakaa mezani miaka yote ile hadi nikafika mahali pa kumimina mbegu motoni na kufurahia harufu yake.

Nilimwaga maji, nikachakura kwa jembe. Nilichopata ni mabonge ya sponji iliyoyeyuka, punje nyeusi zimenasa humo.

Uwele ule mke wangu aliupata kwa mama yake, na kila msimu aliupanda kwenye shamba letu nje ya mji, akachagua masuke mazuri, akaweka mbegu ya mwaka unaofuata. Nyumba yetu ya mjini haina pa kuhifadhia, na panya hawakauki. Aliniomba nimjengee stoo ndogo. Nilimjibu kwamba tutengeneze gari kwanza. Basi akaliingia gari lenyewe, lenye vioo vya kufunga na bati ambalo panya hatoboi. Nilikuwa nikiusikia mlango ule ukifungwa jioni, miaka yote hiyo, wala sikuuliza.

Ningeweza kumsubiri nikamwambia. Nilikuwa na mchana mzima wa kutafuta maneno. Badala yake nilisuuza ndoo, nikazoa majivu jikoni. Hayakutosha, nikaenda kuomba mengine kwa jirani, nikamwambia ni ya kufukuza siafu. Nilijaza ndoo zote mbili, nikafunga mipira kama nilivyoikuta, nikazipanga barazani. Kisha nikafukia shimo kwa mchanga.

Mke wangu alirudi jioni. Aliliona gari limebaki mifupa, akaangua kicheko cha furaha, akasema hatimaye waendesha bodaboda watatafuta alama nyingine. Kisha akaziendea ndoo. Alifungua ya kwanza, akaingiza mkono hadi kiwiko, akautoa. Akafungua ya pili.

"Baba, mbegu ziko wapi?"

"Mbegu gani? Mimi nilikuta majivu tu."

Niliyasema hayo nikimtazama machoni. Nilidhani atabisha, hata nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Hakubisha. Alikaa chini barazani akajifuta mkono kwa khanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

Kesho yake gari lilikatwa na kupakiwa. Yeye hakutoka nje kutazama. Alikuwa chumbani anafungua masanduku. Wiki ile alipekua uvungu wa kitanda, vyungu, mkoba wake wa kanisani. Aliniuliza kama nakumbuka alikoziweka. Mama yake uzeeni alipoteza kumbukumbu, akafikia kuwauliza wanawe ni watoto wa nani, na mke wangu ndiye aliyemuuguza. Nilijua anachokiwaza. Akitia chumvi kwenye chakula aliniomba nionje, eti asije akawa ametia mara mbili. Siku moja aliporudi kutoka kanisani aliniambia amewakabidhi wenzake funguo za stoo ya vyombo vya sherehe, alizozitunza tangu stoo ilipojengwa. Amewaambia watafute mtu mwenye akili zilizotulia. Nilimwambia amefanya vizuri, apumzike. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mawingu yalipoanza kujikusanya alisema twende Bahi akaombe mbegu kwa dada yake, maana naye alichukua kwa mama yao. Dada mtu siku hizi ni mtu wa mpunga, lakini hajaacha kupanda uwele kidogo. Alikuwa amepona, amerudia utani wake. Aliniuliza kama nimeuza gari ili ninunue meno. Kisha akamgeukia mdogo wake: mkulima gani huyu anayeomba mbegu msimu unaingia, umekula zote?

Mke wangu hakucheka. Alisema, "Dada, sikumbuki nilipoziweka. Nadhani yaliyompata mama yameanza kunipata mimi."

Shemeji akaacha utani. Alisogea akamshika mkono, akaanza kumweleza kwa upole kwamba ikifika hali ile atakuja akae naye Bahi, asiogope. Wote wawili wakawa wanalia, na mimi nimekalia kigoda mbele yao, kikombe cha chai mkononi.

"Nilizichoma mimi," nikasema.

Hawakunisikia. Ilinibidi nirudie, na mara ya pili nikasema yote: shimo, moto, majivu ya jirani. Shemeji alinitazama kama anayetafuta tusi linalotosha. Mke wangu alifuta machozi.

"Kwa hiyo niliziweka kwenye ndoo?"

"Uliziweka."

"Zote mbili?"

"Zote mbili."

Akashusha pumzi ndefu, akamwambia dada yake, "Nina akili zangu." Alilisema tena, uso wake ukafunguka kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile ya barazani. Nilikuwa tayari kupokea hasira. Furaha ile sikuwa na pa kuiweka.

Shemeji alipima mbegu kwenye mfuko wa kitambaa, akampa yeye. Njiani kwenda barabara kuu kungoja basi nilinyoosha mkono nimpokee, kama ninavyompokea mizigo siku zote. Aliuhamishia mfuko bega la pili, upande wa mbali na mimi, akaendelea kutembea. Nikamfuata nyuma.