Moto Mrefu wa Gogo

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, haikuwa ya msiba wala ya harusi. Ilikuwa asubuhi ya kawaida ya kiangazi, na ng'ombe wangu alipiga teke ndoo. Maziwa hayakumwagika mengi. Ungeyakusanya yasingejaza kikombe. Lakini chupa niliyopaswa kuijaza ilibaki na pengo shingoni. Kando yangu palikuwa na ndoo ya maji ya mto. Nilichota kidogo, nikajaza lile pengo, nikaziba chupa kwa gunzi la mahindi, nikashuka nayo mteremko kama kawaida.

Nakuandikia haya polepole, kwa maana shule yangu iliishia msingi na mkono wangu haujazoea kalamu. Hata hivyo, afadhali neno lichelewe kuliko nizikwe nalo.

Ilikuwa miaka ya sitini, Uhuru ukiwa bado mpya. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, na mume wangu Njuguna alikuwa amepata kishamba kule juu, upande wa Olenguruone, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi. Nilikuwa mwoga wa watu. Mtu akiniuliza jina kanisani, nililitaja nikiangalia miguu yangu.

Jirani yetu wa chini ya mteremko alikuwa mama mzee Mkipsigisi. Sote tulimwita Gogo, kama wao wanavyomwita nyanya. Ng'ombe wake wa mwisho alikuwa amekufa kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Kisha binti yake naye akafariki, akamwachia mjukuu wa miezi minane aliyeitwa Kibet. Mtoto yule alikuwa na macho makubwa na mikono myembamba kama vijiti vya kuwashia moto.

Jumapili baada ya mazishi, Mwalimu Yohana, aliyekuwa akituhubiria, alisimama mbele akasema, "Ndugu zangu, kuna mtoto hapa anataka maziwa. Nani kati yetu ana ng'ombe anayekamuliwa?"

Hakuna mkono ulioinuka. Wengi walikuwa na ng'ombe. Sijui nini kilinishika siku hiyo, lakini mkono wangu uliinuka.

"Nitaleta chupa nzima," nikasema. "Asubuhi na jioni."

Vigelegele vilipanda hadi kwenye mabati. Mwalimu akasema, "Mmemwona dada yetu? Dunia haitatujua kwa Biblia tunazobeba kwapani. Itatujua kwa kupendana. Mtazameni huyu mnyamavu!" Wakanitazama. Nami, niliyeogopa kutazamwa tangu utotoni, nikagundua kwamba kutazamwa namna ile kuna utamu wake.

Usidhani nilianza kwa uongo. Upendo wa siku ile ulikuwa wa kweli kabisa, na kwa miezi miwili nilipeleka maziwa safi, mengine yakiwa bado ya moto kutoka kwa ng'ombe. Kibet alianza kunona mashavu. Akiniona tu, alinyoosha mikono kuipokea chupa, mimi mwenyewe akaniacha nimesimama, na Gogo akacheka hadi mapengo yake yote yakaonekana. "Huyu anapenda chupa kuliko mtu," alisema. "Ni mwanamume kweli."

Kisha kiangazi kikaja. Nyasi zikawa rangi ya nywele za mahindi makavu, na ng'ombe akapunguza maziwa. Kila asubuhi lori la kiwanda cha maziwa lilipita barabarani kuchukua mikebe yetu, na Njuguna alikuwa akingojea maziwa yale yatuletee mabati ya nyumba. Karani wa lori alikuwa na kijiti cha kioo alichokitumbukiza ndani ya kila mkebe. Ukitia maji, kijiti kinazama, na maziwa yako yanamwagwa barabarani mbele ya majirani. Mkebe wa kiwanda basi haukuguswa na maji hata tone moja. Gogo hakuwa na kijiti cha kioo.

Utaniuliza, mwanangu, kwa nini sikupeleka nusu chupa? Hilo ndilo swali, na nimekaa nalo miaka mingi. Nilikuwa nimesema "chupa nzima" mbele ya kanisa. Nusu chupa ingeonekana; watu wangeiona mkononi mwangu njiani. Maji hayaonekani. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mimi nilikuwa nimehamisha moyo, nikautia machoni pa watu.

Siku ya teke la ndoo nilijiambia ni mara moja tu. Kesho yake ndoo haikupigwa teke, na bado niliongeza maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kufikia mwisho wa mwezi sikuwa tena natazama pembeni nikichota.

Kuna jambo moja tulilolichekea siku hizo. Kutoka uani kwetu tuliuona moshi wa Gogo. Zamani moto wake ulikuwa mfupi, wa uji na chai. Sasa ulianza kuwaka asubuhi mpaka jua linasimama kichwani, na jioni vivyo hivyo.

"Huyu mzee anapika nini kutwa nzima?" Njuguna aliuliza. "Fahali?"

"Anachoma kuni kama msitu ni wake," nikajibu, nikacheka naye.

Nilicheka, mwanangu. Na kila siku ya pili nilimwona Gogo akitoka ukingoni mwa msitu, mzigo mgongoni, kamba imekaza kipajini, amejikunja hata ungesema ni mzigo unaotembea wenyewe.

Mvua za kwanza zilipokuja mteremko ukawa utelezi. Asubuhi moja nilifika na chupa nikamkuta amelala, goti limevimba kama chungu.

"Nimeanguka na kuni, mama," alisema. "Mguu imekataa."

"Pole sana, Gogo."

Nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwombea, tena ombi refu. Kanisani sikuwahi kuomba kwa sauti, lakini pale maneno yalikuja. Niliposema amina niliweka chupa karibu na kichwa chake, nikaenda. Na chupa ile ilikuwa na maji. Kesho yake pia, na siku iliyofuata pia. Kuni zilikuwa zimeisha nyumbani mwake, moto ulikuwa wa vijiti viwili, na mimi sikuliona hilo. Nilikuwa nimekuja kuonekana, sikuwa nimekuja kuona.

Siku ya nne nilimkuta Kibet analegea. Tumbo lilikuwa limemwendesha tangu jana yake, macho yameingia ndani, na akilia machozi hayatoki. Hakunyoosha mikono kuipokea chupa. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilimfunga mgongoni nikakimbia barabarani. Gogo alinifuata kwa fimbo, mguu mmoja ukiburuta. Nilimwambia abaki, hakusikia. Lori la maziwa likaja. Dereva wake alikuwa Kalasinga, Mhindi wa kilemba na mzaha mwingi, lakini alipomwona mtoto mzaha ulimtoka. Alimshusha karani wake kutoka kiti cha mbele.

"Mama na toto gonjwa kaa mbele," alisema. "Nyanya kaa mbele. Karani kaa na maziwa. Maziwa haina homa."

Aliendesha hadi Nakuru bila kusimama katika vituo vilivyobaki, watu wakimpungia mikebe yao barabarani kwa hasira. Hakutaka nauli. Hakuwa wa kanisa letu wala wa dini yetu, na nimewaza mara nyingi kwamba siku hiyo ndani ya lori lile, kama Bwana angetafuta ile alama ya kupendana aliyotuachia, angeikuta upande wa usukani.

Hospitalini muuguzi alimfungua Kibet nguo, akamfinya ngozi ya tumbo, akatutazama.

"Huyu amekunywa maji machafu. Mnampa nini?"

"Maziwa," Gogo akasema.

"Maziwa matupu? Hamchanganyi na maji?"

Gogo alinigeukia. Hakunikazia macho, alinitazama tu, kama mtu anayemwachia mwenzake mlango wazi apite. Mwanangu, mlango ule ulikuwa wazi kwa muda wa kutosha. Neno lilikuwa moja, "tunachanganya." Mimi niliangalia miguu yangu.

Gogo akamgeukia muuguzi. "Ni matupu, sista. Huyu mama hapa ndiye analetea mtoto. Ni mtu ya Mungu."

Angenitukana ningepata nafuu.

Walimwekea mtoto maji ya mshipa. Siku ya kwanza hakufungua macho. Ya pili aliyafungua akayafumba. Ya tatu alilia, kilio cha njaa chenye hasira ndani yake, na wanawake wote wa wodi wakacheka, maana kilio cha namna hiyo ni habari njema. Gogo alitoka nje akaketi juani kwenye benchi, akanyoosha ule mguu. Nikaketi kando yake. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, naye akanitangulia.

"Unajua mimi nilianza kukamua ng'ombe wakati gani? Mama yako hajazaliwa. Hii mkono inajua maziwa kwa giza." Akaugeuza ule mkono juani. "Nilijua siku ya kwanza."

Nikahisi kama benchi limeondolewa chini yangu. "Kwa nini hukuniambia, Gogo?"

"Nikwambie, uone haya. Mtu akiona haya anapita njia ingine. Nikaona maziwa ya maji ni afadhali kuliko njia ingine." Alikuwa akilisugua lile goti. "Nikawa nachemsha. Nachemsha, nachemsha, maji inaenda juu, maziwa inabaki chini, kidogo, lakini nzito. Mtoto anakunywa hiyo. Sasa hii wiki kuni imeisha mbele ya maji kuisha."

Ndipo nilipouona moshi wake wote wa kiangazi kile, na kila mzigo uliompinda mgongo, na kicheko changu uani. Maji nilichota mimi kwa kikombe. Yeye aliyalipia msituni.

"Ungeniletea nusu chupa," alisema, kwa upole kabisa, "ningesema asante, nipashe kidogo, nilale."

Hakusema tena. Hilo ndilo karipio pekee nililopata kwake maisha yake yote.

Tuliporudi niliapa kwamba Jumapili nitasimama nikaungame. Nilisimama kweli. Nikaangalia miguu yangu, na Mwalimu Yohana akadhani nimeshindwa kusema kwa furaha. Akanisemea: "Dada yetu amembeba mtoto wa jirani hadi Nakuru!" Vigelegele. Nikaketi. Gogo alikuwa kwenye benchi la mbele na fimbo yake, na katika wanawake wote ni yeye peke yake ambaye hakupiga kigelegele. Nilijiambia nitasema Jumapili ijayo. Jumapili ni nyingi sana katika maisha ya mtu, mwanangu, na kila moja ina "ijayo" yake.

Kwa Njuguna nilisema, jioni ileile. Alitoka uani akatazama upande wa Gogo. Mwishowe aliuliza, "Na mimi nilicheka, sivyo?" Tangu siku hiyo hakuuliza tena kuhusu mabati, na mimi nilipeleka nusu chupa, mara nyingine robo, lakini safi. Gogo aliishika ile chupa pungufu juu kwenye mwanga akasema, "Leo tunalala mapema." Moshi wake ukawa mfupi tena.

Goti halikupona. Alitembea na fimbo hadi mwisho, na msituni hakuweza kurudi. Basi kila Jumamosi nilikata kuni nikamshushia mzigo mmoja. Watu wakanisifu kwa hilo pia. Siku moja nilimwambia sifa zile zinanichoma. Akacheka na yale mapengo yake. "Wacha waseme. Wewe leta kuni. Sisi wawili tunajua."

Alifariki miaka ya sabini, Kibet akiwa kijana wa kuchunga mifugo ya watu, mrefu, mwenye miguu imara. Kando ya ukuta wake palikuwa na mzigo wangu wa Jumamosi, haujafunguliwa. Kuni zile ndizo zilizopika chai ya waombolezaji. Nilisimama pale nikiwagawia watu vikombe, na nikajua kwamba yule mmoja ambaye ungamo langu lilikuwa haki yake kulisikia mbele za watu amekwenda bila kulisikia. Baadaye nilisema. Nilisema mbele ya kanisa zima, na Kibet nilimwambia peke yake, tukiwa malishoni, akanisamehe kwa kunipa mkono. Lakini majuto ni mjukuu, na huyu wangu hakui akaondoka nyumbani.

Kwa hiyo sikiliza ninalokupa. Ukiwa na kidogo, toa kidogo, na ukitoe wazi. Usijaze pengo la upendo kwa kitu kisichoonekana ili chupa ionekane imejaa, kwa maana yupo mtu chini ya mteremko atakayekesha na kuni akikichemsha. Anayepewa hujua. Mara nyingi hunyamaza kwa sababu hana njia nyingine, na wewe utadhani kimya chake ni shukrani. Ukienda kumwombea mgonjwa, tazama kwanza kama ana kuni. Na ukifunguliwa mlango wa kusema kweli, pita hata kama miguu inatetemeka; kuona haya siyo unyenyekevu, mimi niliyachanganya hayo mawili ujana wangu wote. Alama ya mwamini haiko katika mkono ulioinuliwa kanisani. Iko katika kile jirani anachokikuta ndani ya chupa akishafunga mlango wake.

Mungu akujalie ng'ombe asiyepiga teke, mwanangu. Na akipiga, akujalie ujasiri wa kushuka mteremko na chupa yenye pengo. Jirani yako alale mapema kwa sababu yako, na moto wake uwe mfupi. Amina.