Wiki Niliyompeleka Mwana Hiti Shuleni

Harufu ya mafuta ya mnyonyo hunitia hofu hadi leo. Wengine wakiinusa hukumbuka nywele zao zikisukwa barazani, nao hutabasamu. Mimi hujiona nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati la Bibi kule Kisarawe, sikio moja nimelitega nje. Nilikuwa darasa la sita mwaka huo. Tuliishi Tangini, Kibaha, ambako Baba alikuwa karani wa ofisi ya serikali, na karibu kila mwisho wa juma alinichukua twende kumsalimia mama yake. Bibi aliishi na Shangazi Zena, mdogo wake Baba, katika nyumba iliyozungukwa na mikorosho na mihogo, mahali ambapo asubuhi za Juni zilikuwa na ubaridi na majani yalilowesha miguu mpaka magotini.

Mambo yalianzia shuleni. Mwalimu Eliwaza, mwanamke mrefu wa Upareni, alitufundisha Historia kwa sauti ya chini iliyotulazimu kunyamaza ili tumsikie. Alikuwa amechaguliwa pamoja na walimu wengine kwenda Ujerumani kwa ziara ya masomo ya wiki chache, na aliporudi sisi tulitegemea pipi. Alileta picha. Alizibandika ukutani kuanzia dirishani hadi mlangoni, na kwa siku nyingi kipindi cha Historia kikawa matembezi: leo tunasimama mbele ya kanisa lililobomolewa na vita likajengwa upya, kesho mbele ya soko la viazi, akitueleza watu wa kule wanavyozika, wanavyooa, wanavyokumbuka aibu zao. Picha ya mwisho ilikuwa ya kinyago kidogo cha mti ndani ya kasha la kioo. Hakikuwa na mikono wala miguu, na kichwa chake kilikuwa na vishungi viwili. Chini yake palikuwa na kikaratasi, na katika maneno yote ya kigeni yaliyoandikwa pale tulilitambua moja tu: Kisarawe.

“Nimevuka bahari nikakutana na jina la hapa jirani,” alisema Mwalimu, “na mwenyeji wangu aliponiuliza hiki ni nini, sikuwa na jibu. Niliona haya. Nani ana ndugu Kisarawe?”

Nilinyoosha mkono. Darasa zima lilinigeukia, na mimi, mtoto ambaye hakuwahi kushika hata nafasi ya kumi, nikahisi nimekua ghafla.

Jumamosi nikamuuliza Bibi kuhusu kile kinyago. Aliacha kumenya mihogo. “Umemwona wapi?” Nikamwambia kiko Ujerumani, ndani ya kioo. “Amefunikwa na nini?” Nikajibu hakikufunikwa na chochote, kiko wazi na watu wanakitazama. Bibi alijifunika uso kwa ncha ya khanga. Kisha akaniongoza ndani, akafungua sanduku, na ile harufu ikatoka. Kutoka ndani ya kitambaa cheupe alitoa kinyago kama kile cha pichani, ila hiki kiling’aa kwa mafuta, na shingoni kilikuwa na ushanga. “Si hiki,” alinisahihisha nilipokiita kinyago. “Ni huyu. Huyu ni mwana hiti. Mwali akiwekwa ndani hupewa amlee, ampake mafuta, ajifunze kuwa mama. Mimi nililea huyu, na mama yangu alimlea huyu huyu. Hatoki nyumbani. Umenisikia, Sauda?”

“Ndiyo, Bibi.”

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ya pili yake Bibi alipokwenda shambani na Shangazi alipokuwa kisimani, nilimfunga mwana hiti ndani ya sweta langu, nikamtia kwenye begi katikati ya madaftari. Sikuwa na nia ya kuiba. Nilitaka tu Mwalimu aniite mbele. Nilijiambia kwamba Jumamosi ijayo nitamrudisha, na hakuna atakayejua.

Mwalimu Eliwaza alipomwona alivuta kiti akakaa. “Bibi yako ameruhusu?” aliuliza. “Ndiyo, Mwalimu. Amesema nije naye.” Uongo ule ulitoka laini hata mimi mwenyewe nikashangaa. Nilisimama mbele, nikaeleza yote niliyoambiwa, wenzangu wakapiga makofi. Wavulana wawili walicheka kwa kuwa hana mikono. Mwalimu akasema jambo hili ni kubwa, wazazi wataalikwa Ijumaa ya wiki ijayo waje wasikilize, na mpaka siku hiyo mwana hiti atafungiwa kwenye kabati la walimu ili asipotee. Ufunguo ukaingia mfukoni mwake. Jumamosi ingefika kabla ya Ijumaa ile.

Mambo hayakungoja hata hiyo Jumamosi. Jumatano jioni simu ya Baba iliita tukiwa tunakula, naye akatoka nayo uani. Nilimsikia kupitia dirishani. “Mama, tulia kwanza. Zena hawezi kufanya hivyo.” Kwa maneno ya Baba nilielewa: Bibi alikuwa amefungua sanduku akakuta kitambaa kitupu. Wiki chache nyuma wachuuzi kutoka mjini walikuwa wamepita wakinunua vitu vya kale, na Shangazi Zena alizungumza nao uani. Hilo likatosha. Bibi alimwambia kikulacho ki nguoni mwako, na Shangazi akafunga nguo zake akaondoka analia, haijulikani kwenda wapi. Baba alirudi mezani, akasukuma sahani yake. Nami nikaendelea kutafuna wali uliogeuka mchanga mdomoni. Nilifungua kinywa mara mbili niseme, mara mbili nikaomba maji.

Alhamisi nilimsubiri Mwalimu mlangoni mwa ofisi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, lakini yalitoka machozi tu, kisha yakatoka yote kwa pamoja: sanduku, sweta, Shangazi. Nilitegemea fimbo. Mwalimu aliniangalia, kisha akaliangalia kabati. “Kosa lako ni lako,” alisema. “Lakini mimi ni mtu mzima. Nilipaswa kumuuliza mwenye mali, nikamuuliza mtoto kwa sababu nilijua atanijibu ninachotaka.” Siku ile ile alimpigia Baba simu.

Jumamosi tulikwenda Kisarawe sote watatu: Baba, Mwalimu na mimi. Shangazi Zena alikuwa ameshapatikana kwa rafiki yake, amekuja, lakini amekaa mbali na mama yake, begi lipo pembeni. Mwalimu alimwamkia Bibi, “Shikamoo, Mama,” akapiga magoti, akamtoa mwana hiti kwa mikono miwili. “Nimekuja kumrudisha. Nimempokea bila idhini yako.” Mimi niliomba radhi kwa Bibi, kisha kwa Shangazi. Bibi alinisamehe kwa kuniwekea mkono kichwani. Shangazi alisema, “Wewe ni mtoto, yameisha. Mama ndiye aliyenilea akaniita mwizi.” Maji yakimwagika hayazoleki. Zena alihamia Visiga, akapanga chumba, na ulipita mwaka mzima kabla hajalala tena nyumbani kwao.

Bibi aliomba aione ile picha ya Ujerumani, Mwalimu akaitoa mkobani. Aliishika karibu na macho. “Nani anampaka mafuta?” alimuuliza Mwalimu. Ijumaa iliyofuata hapakuwa na maonyesho. Mwalimu Eliwaza alisimama mbele ya wazazi mikono mitupu, akawaeleza alichoona ugenini, alichokosea nyumbani, na swali aliloulizwa Kisarawe. Hakunitaja jina.

Sasa nina binti aliye darasa la tano. Mwalimu wake naye alikwenda ng’ambo mwaka huu, na picha zake zilifika kwenye kundi la simu la wazazi kabla yeye hajarudi. Sisi tulisubiri mtu arudi na hadithi. Watoto wa sasa wanaona kila kitu siku hiyo hiyo, na nina wasiwasi kwamba wanaona upesi kuliko wanavyouliza. Juzi binti yangu aliagizwa shuleni apeleke habari za desturi moja ya ukoo wetu. Alinyoosha mkono achukue simu yangu atafute mtandaoni. Badala yake nilimpigia Shangazi Zena, nikaweka sauti kubwa. Binti akamwamkia, akaeleza shida yake.

“Marahaba,” alisema Shangazi. “Hebu niambie, mjukuu wangu. Huyo mwalimu wako anataka kujua, au anataka kuonyesha?”

Binti yangu alinitazama. Nikamsogezea simu ajibu mwenyewe.