Mutoto wa bondeni mwenye jina la bwana yangu

Leo nimekuta mwanamke mwingine ana Ramazani wake.

Ramazani ni bwana yangu. Ni motard, anabeba watu kwa pikipiki, njia yake ni Kasongo na Kabambare. Leo alitupakia mimi na mutoto wetu Zaina, twende kwa mama yake kule milimani, karibu na mpaka wa Kivu.

Tumefika chini bondeni, pikipiki haijazimwa, mwanamke anatoka mbio na mutoto mgongoni. Mwanamke mzuri, jamani!

"Ramazani, njoo usalimie Ramazani!"

Damu ikanichemka. Nikamwangalia yule mutoto pua, masikio, hata vidole vya miguu, kama anafanana na bwana yangu.

Mwanamke akaniwekea mutoto mikononi. "Shika bwana yako, mama! Huyu ni majina yake, wanaitwa jina moja."

Kumbe uchungu wa kuzaa ulimkamatia njiani, na Ramazani ndiye alimkimbiza hospitali. Mwanamke akampa mutoto jina la Ramazani kwa shukrani. Na kwa desturi yetu, mwenye jina la bwana yangu ni bwana yangu pia. Yule mwanamke na watu wa pale wakacheka.

Mimi sikucheka. Siku ya kumzaa Zaina nilienda hospitali kwa miguu, nimeshika bega la dada yangu. Yeye na pikipiki yake walikuwa mbali, kule Salamabila!

Mutoto nikambusu, yeye hana kosa. Ramazani mkubwa nikamwambia mbele ya wote: "Mimba inayokuja, pikipiki italala nyumbani mpaka nizae."

"Ndiyo, Mama Zaina," akajibu polepole.

Yule mwanamke akacheka tena. Kicheko kile sijakipenda mpaka sasa.

Wamama, ninyi mungenyamaza?